Ng'ombe Aliyebisha Hodi

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya taswira, kuna mwanafunzi wa nyuma, wa kule dirishani, ambaye huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, hizi taswira zina kazi gani nje ya mtihani?" Mwanafunzi hubadilika, swali halibadiliki, wala ile sauti ya mtu aliyeshiba makande mchana. Zamani nilikuwa nawaka. Siku hizi nakaa juu ya meza, nafuta chaki vidoleni, namwambia, "Kazi yake? Nusura zimkoseshe mdogo wangu mke." Hapo darasa zima huamka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo, na niseme mapema kwamba Kiswahili sikukinyonya. Nyumbani kwetu Kirushya, wilaya ya Ngara, tulinyonya Kihangaza. Kiswahili tulikutana nacho shuleni, tayari kimevaa viatu na soksi. Labda ndiyo maana nakipenda kwa wivu, kama mtu aliyeoa mbali.

Wanafunzi wananiita Mwalimu Pua. Wanadhani sijui. Najua, na jina nimelipata kwa jasho langu. Ukiniandikia insha ya harusi ukasema "watu walifurahi sana," nitakurudishia daftari lako likiwa limejaa wino mwekundu. Walifurahi vipi? Nisikie vigelegele. Nionje huo wali. Ninuse kwapa la mpiga ngoma! Kijana mmoja wa kidato cha tatu alinielewa vizuri kupita kiasi. Aliandika ukurasa mzima kuhusu soksi za bwenini, na mimi nikiwa nasahihisha nyumbani kwangu, peke yangu, nilijikuta nimeinuka kufungua dirisha. Nilimpa alama zote. Chakula cha jioni kilinishinda.

Hiyo ndiyo imani yangu, na nimeihubiri miaka mingi: neno linalopita puani, mdomoni au kwenye ngozi huingia ndani zaidi kuliko neno linalopita masikioni tu. Sikujua kwamba likishaingia huko ndani huwezi kumwambia mtu alitoe.

Mdogo wangu ni seremala pale Benaco. Anatengeneza vitanda na milango kando ya barabara, malori ya kwenda mpakani yakimpulizia vumbi. Maneno kwake ni kama misumari, hapigi mmoja zaidi ya unaohitajika. Ukimpigia simu ukamuuliza habari za nyumbani, atakwambia "zipo," na salio lako litabaki lilivyokuwa.

Basi siku moja akaja kwake fundi cherehani mmoja kutoka Kanazi, binti mwenye macho ya kucheka, akaagiza meza ya kuwekea cherehani. Meza ikatengenezwa. Akairudisha, eti inayumba. Ikarekebishwa. Akairudisha tena, eti sasa ni fupi. Ikaongezwa. Akairudisha, eti ni ndefu. Mpaka majirani wote pale Benaco wakaelewa kwamba meza haina tatizo lolote. Wa mwisho kuelewa alikuwa seremala.

Alipoelewa, alielewa moja kwa moja. Shida ni kwamba huko nyuma aliwahi kuchumbia mahali pengine, na posa ile ilivunjika mbele ya wazee kwa sababu ya neno moja la hovyo lililotoka upande wetu. Tangu hapo alikuwa hataki hata kusikia habari za kuoa. Usiku anapiga randa, asubuhi anapiga randa. Mama aliacha hata kumuuliza. Na nyumba yenyewe ilikuwa imepoa tangu baba yetu afariki, mama alikuwa anafunga mlango kabla jua halijazama vizuri, na ukibisha hodi jioni anaitikia "Nani?" kwa sauti ya mtu asiyetarajia mgeni wa maana. Mdogo wangu akanipigia simu Biharamulo, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo.

"Kaka, huyu naye akinipita, sitafuti tena."

Sasa nieleze kidogo mambo ya kwetu. Sijui koo nyingine za Ngara wanafanyaje, ila ukoo wetu na wale watu wa Kanazi tunafanana kwa hili: siku ya kwanza ya posa, ng'ombe wa mahari haji. Siku ya kwanza yanakuja maneno. Wazee wa upande wa mume wanakaribishwa, chungu cha pombe ya ndizi kinawekwa katikati na mirija yake, halafu msemaji wao anamweleza ng'ombe ambaye bado hajaonekana, mpaka wenyeji wamwone wakiwa wamekaa pale pale kwenye viti. Ng'ombe mwenyewe huletwa siku nyingine. Na bwana harusi mtarajiwa siku hiyo ya maneno haendi. Anabaki nyumbani akila kucha zake.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa. Mtu mwenye sauti ya kutetemesha vioo. Lakini wiki hiyo walikuwa wanajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, wakaimba kutwa nzima kwenye baridi, na nilipofika Kirushya siku moja kabla nikamkuta amejifunga kitambaa shingoni. Nikamwamkia shikamoo. Kilichotoka kinywani mwake ni kama tairi linaloishiwa upepo.

Wote wakanigeukia mimi. Msomi, mwalimu wa lugha, mtu wa maneno. Nikavimba kichwa, nisiwafiche. Nikamtafuta mdogo wangu, nikamkuta nyuma ya nyumba.

"Ng'ombe wako ana rangi gani?"

"Sijamchagua bado."

"Sasa kesho nitamwelezaje?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa msumari unashikwa wapi. "Wewe si mwalimu?"

Kesho yake tukawa Kanazi. Uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio, maharage yameanikwa pembeni juu ya turubai. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, shikamooni wazee, marahaba. Katikati alikaa babu wa binti, ndiye aliyemlea tangu mdogo na ndiye mwenye neno la mwisho. Mzee mwembamba, ameshika fimbo, anavuta pombe yake kwa mrija polepole bila kumtazama mtu. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa mjomba wa binti, mwanaume mwenye pengo la meno ya mbele na ulimi uliochongwa kisawasawa.

"Tumesikia mmekuja na ng'ombe," akasema mjomba. "Mbona hatusikii harufu ya samadi?"

"Ng'ombe yuko njiani," nikajibu.

"Basi mwelezeni, ili tukikutana naye huko njiani tusimpite."

Nikasimama. Nikakohoa kisomi. Nikasema, "Ni ng'ombe mzuri, mkubwa, mwenye afya."

Mjomba akapiga mwayo mrefu, akaufunika kwa kiganja. "Hata mama mkwe wangu ni mzuri, mkubwa, mwenye afya."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wanawake waliokuwa upande wa jikoni wakagongeana mikono. Mimi masikio yaliwaka moto. Maneno matupu kama hayo ndiyo ninayowakataza wanafunzi wangu kila siku, na sasa kuna mtu asiyenijua ameniandikia wino mwekundu mbele ya wakwe! Hasira zikanipanda, na hasira zangu mimi hazitoki kwa ngumi, hutoka kwa maelezo.

"Haya," nikasema. "Fumbeni macho."

Hawakufumba wote, lakini babu alifumba.

Nikaanza na pumzi. Nikawaambia kwamba ng'ombe huyu ukimkaribia anakupulizia usoni, na pumzi yake ina joto na inanukia majani ya viazi vitamu yaliyochumwa asubuhi na umande. Nikawaambia kuhusu ulimi. Ukimpa chumvi kiganjani anakukwangua mpaka unahisi mistari ya kiganja imefutika, na hata ukishanawa bado mkono unawasha kwa raha. Nikawapa maziwa yake ya jioni, ya moto, yenye povu linalopasuka mdomoni na kaladha ka moshi wa kibuyu. Nikawasikilizisha kwato zake zikija kwenye majani makavu ya migomba, kwanza mbali, halafu karibu, halafu kimya. Mjomba aliacha kutabasamu kwa dharau, akawa anatabasamu kwa usikivu. Mama mmoja kule jikoni alisema "Eeh!" taratibu, kama aliyemwagiwa maji ya vuguvugu mgongoni.

Hapo baba mdogo akanivuta koti kwa nyuma. Nikajua ananipa moyo. Nikaongeza.

"Na huyu ng'ombe haingii nyumbani kwa watu kama mwizi," nikasema. "Ana pembe ndefu, na ya kushoto imeinama kidogo kwa mbele. Jioni akifika zizini, anaigonga boriti ya mlango kwa pembe hiyo. Mara moja tu. Ko! Halafu anasimama, anasubiri. Mpaka mwenye nyumba amwitikie karibu, haingii, hata kama mvua inamnyeshea."

Baba mdogo akanivuta tena, safari hii kwa nguvu, na lile tairi lake likawa linatoa upepo karibu na sikio langu: hhhh, hhhh. Nikampapasa mkono kumtuliza. Mzee wa watu, nikasema moyoni, ameguswa.

Babu akatoa mrija mdomoni. Macho bado ameyafumba. "Anabisha hodi?"

"Anabisha, babu."

"Ukimnyamazia?"

"Atalala nje."

Babu akainua fimbo kuwanyamazisha watoto waliokuwa wanapiga kelele. "Ngojeni," akasema, "nimsikirize." Na mimi, Mwalimu Pua, ambaye herufi l na r zimeninyima usingizi tangu nianze kazi, sikusahihisha chochote. Nilikuwa nasikia raha mno.

Tukakubaliwa siku hiyo hiyo. Tulipotoka, wanawake walikuwa bado wanasema habari za majani ya viazi.

Sasa mniulize, yule ng'ombe nilimtoa wapi. Sikumtunga. Alikuwepo. Alikuwa ng'ombe wa mama, nilipokuwa mdogo, na kila nililolisema ni kweli tupu. Jioni alikuwa anagonga boriti, ko, na baba akiwa ndani anachambua maharage au amejilaza, anaitikia kwa sauti ile ile kila siku: "Karibu, mama, umechelewa! Kojoa huko huko nje." Kwa sababu alikuwa na kasoro moja huyo ng'ombe. Akishaingia tu mlangoni, anafungulia mto mzima. Hilo la mkojo sikuwaambia watu wa Kanazi. Hata taswira ina mipaka yake mbele ya wakwe. Alikufa kwa uzee, mdogo wangu akiwa bado hajajua kuvaa suruali, na ndicho alichokuwa anajaribu kuniambia baba mdogo pale kwenye koti langu: yule amekufa, mjinga wewe, unawaahidi watu marehemu!

Mimi nikarudi Biharamulo kusahihisha mitihani. Baba mdogo sauti iliporudi akajisemea kwamba maneno ya posa ni maneno tu, hakuna mtu anayeyafungia zizini, akaacha. Mdogo wangu nilimwambia kwenye simu mambo ni safi, wamefurahi sana. Ndiyo, nilimwambia hivyo hivyo, walifurahi sana. Yeye naye akaenda akachagua ng'ombe wake kwa akili zake za useremala. Nilipomuuliza akasema, "Anakamuliwa vizuri."

Siku ya kumpeleka nilimkuta mdogo wangu pale Benaco, ng'ombe ameshapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kafungwa kamba, anacheua. Nilizunguka nyuma nimsalimie. Alikuwa chotara wa maziwa, mweusi kwa mweupe, tumbo kubwa, kiwele cha kuheshimika. Na kichwa laini kama kiazi.

"Pembe ziko wapi?"

"Hana."

"Hana kwa nini?"

"Walimkata akiwa ndama. Hachomi watu."

"Yesu na Maria!" nikasema, nikashika bodi la gari.

Njia nzima hadi Kanazi nilimweleza. Tumebanana mbele na dereva, nimeminywa na mlango, namwambia habari za pembe ya kushoto. Alinisikiliza bila kupepesa. Dereva akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

"Anabisha nini?" mdogo wangu akauliza mwishowe.

"Hodi."

Akageuka, akakitazama kichwa cha kiazi kupitia kioo cha nyuma. Nikaiona mikono yake juu ya magoti, mikono mikubwa yenye makovu ya patasi, inaikunjakunja kofia yake, na mimi nikatamani barabara isifike.

Ikafika. Na kilichonimaliza sikukiona kwa wazee, nilikiona getini. Walikuwa wamesimamisha boriti mpya. Mti mgumu, umemenywa magome, bado unanukia utomvu, umechimbiwa chini kwa kina ili uhimili pembe. Watoto walikuwa wanaugonga kwa vijiti, ko, ko, wengine ndani wanapiga kelele "Karibuuu!" na kukimbia. Mama mmoja alikuwa ameshika chumvi kiganjani, tayari. Na babu alikuwa amehamisha kiti chake, amekigeuza kikatazama geti, amekaa na fimbo yake, anasubiri kusikia.

Mdogo wangu akaigusa ile boriti akipita. Seremala huwezi kumzuia. Akaitikisa kidogo, ikakataa kutikisika, akainamisha kichwa.

Tukamshusha ng'ombe. Tulifikiri tutamshika kamba tuingie naye kwa heshima. Kumbe mwenzetu alikuwa na njaa ya safari. Akaivuta kamba ikamponyoka mdogo wangu, akalipita geti bila hodi wala samahani, akakatiza katikati ya wazee, akaenda moja kwa moja kwenye turubai na kuanza kula maharage ya watu.

Watoto wakaacha kugonga. Mjomba akasimama, akamzunguka ng'ombe taratibu, akamtazama kichwani, akamtazama tena. "Huyu si yeye," akasema.

"Mwambieni arudi nje," akasema babu, bado anatazama getini. "Abishe hodi."

Wakamtoa nje. Akasimama pembeni ya ile boriti mpya, mdomo umejaa maharage, anatafuna. Sote tukasubiri. Sijui tulikuwa tunasubiri nini, watu wazima na akili zetu, lakini tulisubiri, na mimi nilikuwa nasali kabisa, Mungu ampe tu akili ya kuikwaruza kwa bega. Akanyanyua mkia. Kilichofuata hakikuwa hodi.

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliyatoa maneno yake polepole, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Sisi hatukatai ng'ombe. Huyu ni ng'ombe wa maana, mwenye macho anaona. Lakini tuliambiwa mwingine. Tumelala naye kwenye mawazo, watoto wamecheza naye, tumemjengea mlango. Kama ng'ombe mliyetuambia hayupo, na kijana mliyetuambia tutajuaje kama yupo?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya gari, kofia mkononi. Hakunitazama kwa hasira. Afadhali angenitazama kwa hasira. Alitazama chini, kama mtu anayeisikiliza posa yake ya pili ikivunjika kwa mdomo wa nyumbani kwake tena.

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba, mimi huwa nina hotuba, lakini ilinikauka. Nikawaambia tu. "Yupo, mjomba. Alikuwepo. Alikuwa ng'ombe wa mama yetu na alikufa zamani. Nilipoambiwa nimweleze ng'ombe, sikuwa na mwingine ndani yangu. Ulinikejeli, ukaniudhi, akatoka yeye. Kijana wetu hakujua lolote. Yeye ni huyu mnayemwona, na ng'ombe wake ni huyu anayewamalizia maharage."

Babu akauliza, "Alipokuwa anabisha hodi, nani alimwitikia?"

"Baba yetu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika, babu."

Akatikisa kichwa kwa muda. "Alikuwa anamwitikiaje?"

"Alikuwa anasema, karibu, mama, umechelewa."

"Basi?"

Nikasita. Nikamtazama mjomba, nikamtazama mama mwenye chumvi, na wakwe wote walivyokuwa wamevaa kiheshima. Basi baba mdogo, ambaye sauti yake sasa ilikuwa imerudi yote na riba juu, akashindwa kuvumilia. Akatoa besi ile ya kanisani, iliyotulia: "Na kojoa huko huko nje!"

Mungu wangu. Kicheko kilichotoka pale kilitisha kuku. Mjomba alijishika kwenye boriti. Mama wa chumvi akaimwaga yote. Lakini babu hakucheka, na mdogo wangu hakucheka, wakawa wawili tu pale uwanjani wanaotazamana.

"Mwiteni mwenyewe," akasema babu.

Binti akatoka ndani, kajitanda kitenge, yale macho ya kucheka safari hii yamekauka. Babu akamwambia, "Ng'ombe umemsikia, na huyu umemwona. Wewe ndiye unayekwenda. Nipokee, au nirudishe?"

Alitembea mpaka kwa mdogo wangu, akaichukua kamba mkononi mwake. Akatoka nje ya geti, akamgeuza ng'ombe, akarudi naye mpaka mlangoni, wakasimama. Ukimtazama kutoka ndani ulikuwa unaona kichwa cha kiazi, na pembeni yake mkono wa binti. Akakunja ngumi, akaigonga ile boriti mpya kwa vifundo vya vidole. Mara moja.

Ko.

"Hodi," akasema, kwa niaba ya asiye na pembe.

Babu alituweka pale. Nimewahi kusubiri matokeo ya mitihani, nimewahi kusubiri daktari atoke chumbani, sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri pale. Alifumba macho kama siku ile ya kwanza. Akaguna. Akalamba midomo.

"Karibu, mama," akasema. "Umechelewa."

Mdogo wangu alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nyeusi ya kuazima.

Mama yetu tulimsimulia yote tuliporudi. Nilidhani atacheka, au atanigombeza kwa kumtangaza ng'ombe wake Kanazi nzima. Alisikiliza tu, akapepeta maharage yake, akasema, "Ulisahau kusema alikuwa anapenda kukunwa nyuma ya sikio." Akaingia ndani akafunga mlango, jua bado liko juu ya migomba.

Harusi ikafungwa kanisani, ikachezwa, ikaliwa. Jioni tukamleta bibi harusi Kirushya. Kwetu mama wa bwana harusi hukaa ndani, mlango umefungwa, na bibi harusi ndiye anayebisha kwa mara ya kwanza. Tulisimama nje ukoo mzima, vigelegele vimenyamazishwa. Moyoni nilikuwa nimeshajiandaa kuisikia ile "Nani?" ya mama, na nilikuwa namwonea huruma binti wa watu, na viatu vyake virefu.

Hakubisha kwa kiganja kama watu wanavyobisha. Alikunja ngumi, akaugonga mhimili wa mlango kwa vifundo. Mara moja. Ko. Kisha akasimama, akasubiri.

Nikasikia kiti kikisogea ndani.

"Karibu, mama," ikasema sauti ya mama yangu, kwa mdundo ule ule wa baba, mpaka baba mdogo akanishika mkono. "Umechelewa!"

Sote tuliozaliwa nyumba ile tulijua kinachofuata. Tukabana pumzi. Mdogo wangu akafumba macho, nikaona midomo yake inasema bila sauti: mama, tafadhali, usiseme, usiseme. Na kweli mama hakusema. Tulimsikia anahangaika kulimeza huko ndani.

Bibi harusi akausogelea mlango, akaweka mdomo karibu na ubao. "Nimeshamaliza huko nje, mama," akasema.

Mama alicheka. Alicheka mpaka komeo likamshinda, tunalisikia linagongagonga, halifunguki, na yeye anacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu tumzike baba. Mimi nililia, na wala sioni aibu. Mdogo wangu ikabidi apitishe mkono dirishani kumsaidia kufungua, kwa sababu yeye ndiye fundi wa milango.